Hoteli Chini ya Ziwa

Jumapili ile soko la vitu vya kale la Britanski trg, mjini Zagreb, lilifurika watu hadi wakawa wanapishana kwa mabega. Zrinka alikwenda kutafuta vitasa vya kabati, lakini alipofika kwenye meza ya mzee Drago, katikati ya vijiko vilivyochakaa na picha za watu ambao wajukuu wao hawakuwataka tena, alisimama akasahau vitasa. Mzee alikuwa na mashine ndogo ya santuri, na ndani yake mlikuwa mkitoka muziki ambao Zrinka hakuwahi kuusikia. Kinanda kililia kama kimelowa maji. Gitaa lilikwenda kinyumenyume. Sauti ya mwanamke iliimba taratibu, kana kwamba anashuka ngazi huku akihesabu vidato.

"Samahani baba, hiki kinachopigwa ni nini?"

Kabla mzee hajafungua kinywa, mwanamume aliyekuwa ameinamia mashine aligeuka. Alivaa koti la mahameli ya kijani lililopauka viwikoni, na nywele zake zilihitaji kinyozi.

"Hebu sema tena," akasema.

"Niseme nini?"

"Sema: 'Niko nawe, bwana, acha kubonyeza vitufe vyote.'"

Zrinka akamkodolea macho. Maneno hayo yalikuwa mkate wake. Alifanya kazi kwenye kampuni ya lifti. Mtu akikwama kati ya ghorofa na kubonyeza kengele nyekundu, anayeitika ni yeye.

"Novemba, mtaa wa Siget, ghorofa ya tisa," mwanamume akaendelea. "Mimi ndiye niliyekwama na brashi na kamba zangu. Dakika hamsini! Ukanifundisha kupika sarma ya nyama na majani ya kabichi ili nisipige mayowe."

"Ah, msafisha dohani! Ulikuwa unapumua vibaya sana."

"Nilikuwa nakufa, dada."

"Mbona hukufa?"

"Nilibaki niipike hiyo sarma. Ikawa mbaya, hata paka wa jirani aliikataa."

"Uliweka nyama ya kukaushwa kwa moshi?"

"Hukuniambia habari ya nyama ya moshi!"

"Fundi alifika kabla sijafika hapo," Zrinka akasema, na wote wawili wakacheka hadi mzee Drago akawaomba wasimfukuzie wateja.

Jina lake lilikuwa Neven. Santuri ilikuwa yake. Mzee alikuwa akimjaribia sindano mpya. Nyimbo zake ziliimbwa na vijana wanne wa mji wa Rijeka waliojiita Konokono wa Kioo. Miaka mitatu tu iliyopita walikaa ghalani wakatengeneza muziki wa mtindo wa enzi za bibi zao, vile vinanda vya zamani, filimbi, na rangi zote zinazoonekana mtu akifumba macho. Albamu nzima ilikuwa hadithi moja, Hoteli Chini ya Ziwa. Nakala zilikuwa mia mbili, hazikuongezwa, wala kwenye simu haikupatikana, kwa maana vijana wale walikuwa wakaidi kama punda.

Walikwenda kunywa kahawa. Kahawa ya Zagreb haina haraka, na hiyo yao ilichukua saa tatu. Walipoinuka, Neven aliitoa santuri chini ya koti lake, akaishika kwa mikono miwili.

"Nyumbani kwangu mafundi wanachonga kuta tangu lile tetemeko la ardhi litikise mji. Vumbi tupu. Kaa nayo wewe."

"Unaniazima?"

"Sijawahi kumwazima mtu santuri. Kaka yangu aliniomba moja, nikampa gari."

Zrinka aliipokea. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na maishani mwake alishawahi kupewa maua, marashi, hata pete moja aliyoirudisha. Lakini njiani kuelekea nyumbani, katika koti lake jekundu lenye vifungo vikubwa, aliikumbatia santuri ile kama mtu aliyekabidhiwa mtoto, akasimama mlangoni mwa tramu watu wasije wakambana.

Aliishi mtaa wa Trešnjevka na shangazi yake Štefica, dada wa marehemu baba yake, mama wa miaka sabini na minane aliyekuwa na goti bovu na moyo mzima. Tangu siku hiyo jioni zao zilibadilika. Saa moja kamili simu ililia.

"Roho yangu, uko tayari?"

"Subiri nifute vumbi. Leo umepanda wapi?"

"Mapaa sita. Nimeuona mlima, nimeuona uwanja wa mpira, nimemwona baba mmoja anaoga na kofia kichwani. Wewe je? Wangapi?"

"Wanne. Mmoja ni bibi harusi, na shela yake imebanwa mlangoni. Nimemwimbia."

"Umemwimbia nini?"

"Wimbo wa pili."

Zrinka aliweka simu karibu na spika, akaketi kwenye kiti cha dirishani, akafumba macho, na Neven akasikiliza akiwa kwake kwenye vumbi. Wakashuka pamoja. Katika wimbo wa kwanza mwanamke anatembea kando ya ziwa, anaona mlango wa kuzungukazunguka uliosimama wenyewe juu ya maji, anaingia. Katika wa pili karani wa mapokezi, mwenye sharubu za mwani, anampa ufunguo bila kumwuliza jina. Halafu inakuja ngoma ya wahudumu wanaocheza juu ya meza na samaki wao kwenye sinia, na samaki nao wanaimba. Zrinka, ambaye kwa saa nane alikuwa amesikiliza vilio vya watu waliofungiwa kwenye masanduku ya chuma, alihisi mabega yake yakishuka. Huko chini hapakuwa na kengele nyekundu. Hakuna aliyemwuliza fundi atafika lini. Kulikuwa na rangi ya machungwa, halafu zambarau, halafu kitu ambacho si rangi bali utamu wake.

"Umelala?" Neven aliuliza sindano ilipofika mwisho.

"Niko ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye jua."

"Mimi nimebaki kwenye ngoma. Nimeshikwa mkono na mhudumu."

"Wa kike?"

"Mwenye mapezi. Usiwe na wivu, dhahabu yangu."

Jumamosi na Jumapili walikutana ana kwa ana. Walitembea kando ya ziwa la Jarun, walikula keki za krimu ziitwazo kremšnita, wakabusiana chini ya saa ya uwanja mkubwa kama watoto wa shule, bila kuona haya. Shangazi Štefica alikuwa hajamwona kijana bado. Alimjua kwa sauti tu, na alipenda jinsi kila jioni, kabla ya kukata simu, alivyosema, "Na shangazi naye umsalimie." Ni jambo dogo. Lakini mama mzee huliweka moyoni.

Kisha Februari ikaingia na baridi ya kukata, na shingo ya Zrinka ikakaza. Asubuhi moja aliondoka kwenda kazini akiwa ameipinda kama bata mzinga. Shangazi alibaki akikitazama kile kiti cha dirishani. Akapitisha kiganja kwenye fremu. Hapo ndipo palipokuwa na adui! Ufa wa unene wa kidole, na upepo unaingia. Mtu yeyote wa mji ule anajua upepo wa ufa ndio unaoleta shingo ngumu, jino, figo, na mengine ambayo daktari hayataji. Shangazi aliangaza macho chumbani akitafuta kitu bapa na kigumu, akakiona, akakisokomeza kwenye ufa, akakizungushia taulo vizuri. Chini ya dirisha kipasha-joto kilikuwa kimefunguliwa hadi mwisho kwa ajili ya shingo ileile.

Zrinka aliporudi akavuta taulo, santuri ilitoka ndani ya jalada imejikunja kama chapati iliyosahaulika kikaangoni.

Hakulia. Alisikia shangazi akiimba jikoni, amechemsha supu, na sauti ikaja, "Shingo inaendeleaje, mwanangu? Nimekuzibia dirisha!"

"Ahsante, shangazi," akajibu. "Naona joto tayari."

Aliificha santuri chini ya godoro, kati ya ubao na kamusi tano ili inyooke, akamwambia shangazi ameirudisha kwa mwenyewe. Saa moja simu ikalia. Ikalia hadi ikanyamaza. Angesema nini? Akisema ukweli, atamtaja shangazi aliyemlea. Akijitwisha kosa mwenyewe, itakuwaje sauti ile ikibadilika, ikawa ya adabu na ya mbali? Yeye aliyewatuliza mamia ya watu wasiomjua alikaa kitandani na simu mkononi, asijue neno la kuanzia. Mwishowe akaandika: "Nina mafua, sauti imekauka. Tutaongea nikipona."

Kesho yake kitasa cha mlango kilikuwa kimetundikwa mfuko: malimau, asali, na soksi za sufi. Aliyeuleta hakugonga, asije akamwamsha mgonjwa. Zrinka alizitazama soksi zile, akajiona mwizi.

Kamusi hazikusaidia kitu. Siku ya nne aliomba ruhusa kazini, akavaa koti lake jekundu, akajitanda kitambaa cha manjano, akashika njia ya kwenda Rijeka kuwatafuta wale vijana wanne. Labda mmoja wao alijiwekea nakala. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana, yuko barabara ya Ilica akielekea kwenye tramu ya kituo cha mabasi, simu ikalia. Safari hii moyo ulimshinda, akapokea.

"Roho yangu! Hatimaye. Vipi mafua?"

"Yapo," Zrinka akasema kwa sauti ya puani. "Niko kitandani."

"Umekula?"

"Supu kidogo."

"Umevaa soksi?"

"Nimevaa."

Ndipo mzinga wa adhuhuri ukalia kutoka mnara wa Grič, kama unavyolia kila siku, na Zrinka, ambaye maisha yake yote ameusikia, siku hiyo aliruka.

"Glovu yako imeanguka," Neven akasema.

"Nini?"

"Ya kushoto. Iko nyuma yako, karibu na mlango wa duka la mikate. Iokote, kuna baridi."

Zrinka akainua uso polepole. Juu ya paa la ng'ambo, ghorofa ya tano, karibu na dohani, alisimama mtu mwenye sare nyeusi, kofia na brashi begani. Simu ikakatika.

Aliokota glovu. Akavuka barabara nusura agongwe na tramu, akapanda ghorofa zote tano akihema, na juu akamkuta mama wa nyumba akianika nguo. "Kijana amekwisha vuka paa la pili, binti. Hakuaga. Kwa kawaida huaga." Rijeka hakwenda. Akampigia mara tisa. Akamwandikia, "Naomba nikueleze." Jibu likaja jioni, maneno mawili: "Pona kwanza."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya. Saa moja ikifika, shangazi aliangalia simu, akamwangalia Zrinka, akarudi kwenye ufumaji wake. Zrinka alijaribu kufumba macho pale dirishani na kuiwaza hoteli bila muziki. Mlango wa maji haukuzunguka. Alimwona tu mtu juu ya paa.

Jumatatu, kwenye ubao wa mlango wa chini, ilibandikwa karatasi: *Ukaguzi wa dohani na boila za gesi, Alhamisi, saa mbili hadi saa sita. Wapangaji wabaki nyumbani.* Chini palikuwa na sahihi ya Neven.

"Atamtuma mwenzake," Zrinka alimwambia shangazi, ikabidi aeleze kwamba wamekosana, bila kusema sababu.

"Akimtuma mwenzake, hakufai," shangazi akasema. "Akija mwenyewe, mvalishe ndara nzuri."

Alhamisi Zrinka hakwenda kazini. Alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, akavua, akavaa sweta, akavua, akarudia gauni. Saa nne na robo kengele ikalia. Neven alisimama mlangoni akiwa katika sare nyeusi yenye safu mbili za vifungo vya shaba, masizi hadi kwenye kope.

"Habari za asubuhi, bibie," akasema, macho yako kwenye karatasi. "Ukaguzi."

"Karibu, Neven."

"Naomba kuonyeshwa boila."

Shangazi Štefica alikuwa amekwisha fika, ndara mkononi, na mkono wa pili umeshika kifungo cha kizibao chake, maana ukimwona msafisha dohani usiposhika kifungo, bahati inapita. "Ndiye huyu? Vua viatu, mwanangu. Mbona mwembamba hivi?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba! Sauti ndiyo hiyohiyo."

Neven alikagua boila. Akachungulia bomba kwa kioo chake kidogo, akaandika. Alifanya kazi yake vizuri, bila kuharakisha na bila kutazama pembeni. Zrinka alisimama mlangoni mwa jikoni.

"Sikuwa na mafua," akasema.

"Niliona. Nilikuwa na nafasi nzuri ya kuona."

"Nilikuwa nakwenda Rijeka kutafuta santuri nyingine. Yako imeharibika. Niliiweka juu ya kipasha-joto, nikasahau."

Kalamu ya Neven ikasimama. Lakini aliyepiga kelele ni shangazi.

"Mwongo! Juu ya kipasha-joto wapi? Mimi ndiye niliyeisokomeza dirishani! Zrinka, uliniambia umeirudisha!"

"Shangazi, tafadhali..."

"Usinitafadhali. Kijana, ni mimi. Ilikuwa bapa, ilikuwa ngumu, sikujua."

Neven akawatazama wote wawili. "Dirishani kufanya nini, shangazi?"

"Kulikuwa na upepo wa ufa! Kwenye shingo yake! Mtoto alikwenda kazini kichwa kimepinda."

"Ufa mkubwa?"

"Kidole hiki."

Neven alitafakari kwa uzito wote, kama mtu wa mji wake. "Kidole," akasema. "Basi ulifanya sawa. Upepo kama huo ungempooza uso."

"Si ndiyo nasema!"

Zrinka alileta santuri. Neven aliiinua hadi usawa wa jicho, akaizungusha. Waliiweka kwenye mashine; sindano ikapanda mlima wa kwanza, ikaruka, ikaanguka pembeni kwa kishindo. Hapakuwa na cha kuokoa. Akaitoa, akairudisha kwenye jalada taratibu, akakaa kwenye kigoda cha jikoni.

"Hiki ni kitu tu, Zrinka. Kinauma, sikufichi. Lakini wewe kunitazama machoni ukasema uko kitandani..."

"Sikujua kama nakutazama."

"Mimi nilikuwa nakutazama." Akavua kofia. "Unadhani ningefanya nini? Ningepiga kelele?"

"Hapana. Niliogopa ungekuwa mpole. Mpole kama kwa mteja. Watu wakinipigia kengele huwa najua la kusema. Wewe sikujua, kwa sababu wewe nakuhitaji."

Shangazi, aliyekuwa ameanza kumenya viazi ili mikono ipate kazi, akadakia. "Sasa hiyo sahani ilikuwa na nini hasa, hata mmekaa kama mko msibani? Nisimulieni. Nimeua mtu nisiyemjua jina."

Zrinka akaanza kwa sauti ndogo: mwanamke, ziwa, mlango unaozunguka. "Umeruka ndege," Neven akasema. "Kabla ya mlango kuna ndege." Akapiga mluzi wa filimbi. Zrinka akaimba kiitikio cha karani. Kumbe kwa Neven karani alikuwa mnene na mwenye huzuni, na kwa Zrinka ni mrefu na mcheshi, wakabishana. Kwenye ngoma ya wahudumu Neven alisimama na sinia ya shangazi kichwani, masizi yakadondoka sakafuni, na shangazi akacheka hadi akaacha kisu. Wakapita chumba chenye jua. Wakafika wimbo wa mwisho, ambapo mwanamke anasimama mbele ya karani na ufunguo wake mkononi, na maneno yanaishia hapo.

"Halafu?" shangazi akauliza.

"Halafu ni maji tu yanasikika," Neven akasema. "Amebaki chini."

"Ile ni mvua," Zrinka akasema. "Amerudisha ufunguo, ametoka, na mjini kunanyesha."

"Miaka mitatu nasikiliza, roho yangu. Ni maji ya ziwa."

Alipolitamka neno lile, roho yangu, wote watatu walilisikia. Hakulifuta.

"Nami nakwambia ni mvua," Zrinka akasema. Uso ulimwaka, lakini sauti yake ilikuwa ileile inayowatoa watu kwenye giza bila kutetemeka. "Nilikuwa nashuka huko kila jioni kwa sababu huku juu palinichosha. Kisha nikawa nashuka kwa sababu wewe uko upande wa pili wa simu. Siku hizi zote muziki haukuwepo, na sikuutamani muziki. Neven, nioe."

Kisu cha shangazi kilisimama katikati ya kiazi.

"Nina nyumba nne za kukagua kabla ya saa sita," Neven akasema kwa kigugumizi.

"Kijana," shangazi akasema, "umeulizwa."

"Nimesikia, shangazi. Subirini."

Akasimama, akakunja mikono ya sare hadi juu ya viwiko, akafungua bomba. Alichukua sabuni akaanza kunawa. Maji yalitoka meusi. Alisugua kiganja, alisugua kati ya vidole, kimoja kimoja, akachukua brashi ya viazi akasugua kucha. Maji yakawa ya kijivu. Chini ngazini jirani alisikika akiuliza msafisha dohani amepotelea wapi, na hakujibiwa. Neven alinawa tena, mara ya tatu, hadi maji yakapita mikononi mwake na kuanguka yakiwa meupe. Shangazi Štefica alikwenda kabatini, akaleta taulo la kitani lenye herufi za mama yake, lile lililokuwa likitolewa kwa padri na daktari tu, akampa.

Alijifuta. Akapiga magoti pale penye maganda ya viazi, akaishika mikono yote miwili ya Zrinka.

"Sasa niulize tena," akasema.

Zrinka akamwuliza tena.